Miguu ya Gari na Njia ya Paje

Watu wengi huyajua magari kwa nyuso zao. Mimi nimeyajua kwa matumbo. Miaka arubaini kasoro kidogo nimesimama ndani ya shimo la gereji pale Saateni, gari juu yangu, taa mkononi, mchanga wa barabarani ukiniangukia machoni. Sasa nimestaafu, nakaa nyumbani kwangu Mji Mkongwe, na nikisinzia alasiri huota niko tena chini ya gari ambalo mwenyewe wake simjui. Raba zake mpya, nati zake safi, hakuna kinachogonga. Nalitazama tu, sina haja ya kuligusa, na mwanga unaingia kutoka pembeni taratibu. Kisha mke wangu ananiamsha nikasali.

Haya nayaandika kwa ajili yenu, vijana mnaonisimamisha pale Darajani: "Shikamoo Mzee Haji, gari langu linalala upande kwenye kona, nalitumia kila siku, na pesa sina, nifanyeje?" Marahaba. Nitakuambieni. Lakini msinitarajie niende moja kwa moja, kwa sababu mwenyewe sikujifunza hivyo. Jambo kubwa kabisa katika kazi hii nililijua baada ya kuiacha, na aliyenifundisha ni mtu asiyeweza kutofautisha spana namba kumi na nne na namba kumi na saba.

Mtu huyo ni Bi Rukia, mke wangu. Ana ugonjwa wa sikio la ndani, ndivyo alivyosema daktari, unaomletea kizunguzungu. Siku mbaya hupita vichochoroni mwetu kiganja kikiwa ukutani. Na gari likilala kwenye kona, hata kidogo, basi kwake dunia nzima imelala, na haiinuki tena mpaka ateremke atapike. Njia ya sokoni na hospitali ataivumilia, ni fupi. Njia ya Paje ilimshinda.

Paje ndiko kwao. Ndiko aliko dada yake mkubwa, Bi Mize, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Miaka mitatu iliyopita mume wa Bi Mize alifariki, na kwetu maiti hasubiri. Tukatoka mbio mimi na Bi Rukia. Tulipofika Tunguu, hata nusu ya safari hatujamaliza, alikuwa amelala juu ya majani kando ya barabara, hana rangi, ananiambia nimrudishe. Nikamrudisha. Mazishi yakapita, khitma ikapita. Baadaye tukaletewa maneno na jamaa kwamba Bi Mize ana kinyongo, mdogo wake hakuja kumzikia mume.

Tungempigia simu, lakini masikio ya Bi Mize yalikuwa yameshaanza kuziba, na mwaka ule yakaziba kabisa. Yeye kuja mjini haiwezekani, nyonga zake hazimbebi. Nikasema tumwandikie, asomewe na wajukuu. Bi Rukia akanitazama kwa namna iliyonifanya nione haya. "Radhi naiomba mwenyewe," alisema. "Hanisikii, lakini uso wangu atauona."

Basi hilo ndilo lililonirudisha kazini. Nyinyi mnataka kuzunguka kona kwa kasi wenzenu wakuoneni, na sikulaumuni, ujana ni wenu. Mimi nilitaka gari dogo la kila siku, la mzee mstaafu, lipite kona zote mpaka Paje bila kulala, ili mwanamke mmoja afike akiwa na fahamu zake. Ufundi wake ni ule ule.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Nikisema miguu ya gari nakusudia kila kitu kilicho baina ya bodi na tairi. Springi ndizo zinazobeba uzito. Shokapu zinaizuia springi isiendelee kucheza baada ya tuta. Bushi ni raba zilizokaa kwenye maungio. Na stebilaiza ni ile fimbo ya chuma inayopita chini kutoka mguu wa kushoto hadi wa kulia, kazi yake kuufanya mguu mmoja usiinuke bila ya mwenzake kujua. Gari likilala kwenye kona, mmoja katika hawa amechoka. Mara nyingi wamechoka wote, wanaoneana aibu kusema.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la harusi. Nilikuwa bado najifunza kwa Bwana Sleiman, Mungu amrehemu, mwenye gereji. Nimeshajua kufungua na kufunga, nikadhani hiyo ndiyo kazi yote. Akaja bwana harusi mmoja wa Kikwajuni. Anataka gari lake likae chini na lishike kona, siku ya kumchukua mkewe azunguke Michenzani watu wamwone. Pesa ya springi fupi hana. Nikamwambia hilo dogo, niachie. Bwana Sleiman alikuwa ametoka. Nikazitoa springi zote nne, nikazikata kila moja mzunguko mmoja na nusu kwa msumeno wa chuma, nikazirudisha. Tukalijaribu, mimi na bwana harusi. Gari limenyooka, linapita kona kana kwamba hakuna kona. Tulicheka wenyewe kwa furaha.

Siku ya harusi bibi harusi hakuja peke yake. Lini bibi harusi wa Unguja amekuja peke yake? Alikuja na somo yake, yule mama aliyemfunda, mtu mzima aliyejaa vizuri, na shangazi wawili wasiopungukiwa na kitu, na sanduku la nguo, na chetezo cha udi mapajani. Gari likakaa juu ya matairi. Kona ya kwanza likakwaruza. Kona ya pili mpira ukaanza kunuka, na harufu yake ikaushinda udi. Kona ya tatu somo akafungua mlango.

"Mie nshapeleka maharusi wengi," alisema, "sijapeleka hata mmoja kwa moshi. Teremkeni."

Wakateremka wote. Bibi harusi akaingia kwa mumewe kwa miguu, amefunikwa kanga, wanawake wanaimba, na sanduku limebebwa na bwana harusi mwenyewe.

Bwana Sleiman hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu. "Ulipolijaribu, nani alikaa nyuma?"

"Hakukaa mtu."

"Basi hukulijaribu gari la hapa."

Na kweli. Gari la Unguja haliendi tupu. Ukitoka Mbweni kwenda mjini utampakia jirani, na jirani ana mwana, na mwana ana mkoba. Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujagusa nati, kaa ujiulize gari lako hubeba nani. Na springi usizikate. Springi iliyokatwa haikai vizuri kitini mwake, inajigeuza, na shokapu inagonga mwisho wake kila tuta. Kama springi zako zimelegea, tafuta nzima za gari kama lako kwa wauza spea za mtumba, uzipime kwa urefu zikiwa zimesimama sakafuni, mbili mbili.

Kuna jambo jingine la Bwana Sleiman ambalo sijaliona katika video zenu. Bushi, nimesema, ni raba iliyoshikana na vyuma viwili, cha ndani na cha nje. Ukiinua gari kwa jeki, mguu unaning'inia. Ukiikaza nati hapo hapo, raba inashika katika hali ile ya kuning'inia. Ukiliteremsha gari, raba inajisokota, na itabaki imejisokota maisha yake yote, ikivuta kurudi ilikotoka. Gari linakuwa gumu bila sababu, linarukia kila kijiwe, na haipiti miezi mingi raba inachanika. Mwenye gari atailaumu raba. Aliyekosea ni fundi.

Dawa yake ni kuacha nati zikiwa legelege, kulishusha gari likae kwa miguu yake mwenyewe juu ya shimo, na uzito wa watu wake ndani, ndipo ukaze. Sasa watu wa kukaa ndani ya gari la mteja utawapata wapi saa nne ya asubuhi? Ng'ambo ya gereji palikuwa na baraza ya wacheza dhumna, wazee wanne. Bwana Sleiman alikuwa akitoka mlangoni anafuta mikono: "Jamaani, nakuombeni mnikalie."

Nao wanakuja. Wanaingia garini na vikombe vyao vya kahawa, na dhumna zao, wanaendelea pale walipoachia. Mimi na Bwana Sleiman tuko chini tunakaza, juu yetu tunasikia ugomvi wa mpira, na nani kamwacha nani, na mara moja moja dhumna inapigwa kwenye dashibodi kwa hasira. Mteja akifika anakuta wazee wanne wasiomjua wamo ndani ya gari lake, mmoja amevua viatu. Walikuwa wazito wa wastani, Bwana Sleiman aliwapenda kwa hilo. Mmoja alikuwa akipata usingizi humo, na hatukuwa na moyo wa kumwamsha. Tulikwenda kuchukua gari jingine tukamwachia lile.

Mpaka leo nikizisikia dhumna mahali, mikono yangu inatafuta spana. Huu ni udhaifu wangu, nimeuzoea.

Sasa tuzungumze kuhusu pesa, maana najua mnapindua kurasa mnaitafuta. Ukiwa na kidogo, usianze na kinachong'aa. Anza na tairi, kwa sababu gari zima linaigusa ardhi kwa sehemu nne zenye ukubwa wa kiganja cha mtu. Tairi iliyokauka haitashika kona hata uiwekee miguu ya dhahabu, na hapa kwetu jua na chumvi vinaikausha ikiwa bado ina meno. Angalia upepo asubuhi tairi zikiwa baridi. Kisha bushi, hizo ni rahisi, na ndizo zinazosahauliwa zaidi. Kisha shokapu, uzibadilishe mbili za mbele pamoja au mbili za nyuma pamoja, usichanganye mpya na kuukuu kwenye ekseli moja. Kampuni ile ile iliyotengeneza gari lako dogo mara nyingi imetengeneza ndugu yake mwenye bodi nzito, na stebilaiza ya ndugu ni nene zaidi. Chukua kalipa, kile kipimo cha unene, nenda kwa wauza spea za mtumba, pima unene, linganisha matundu ya bolti. Ikikubali, umepata kwa bei ya kuku kitu kinachofanya kazi kubwa kuliko vyote. Alaimenti, yaani kuyanyoosha matairi yaelekee sawa, iwe ya mwisho. Zamani tuliipima kwa uzi kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, tukifumba jicho moja. Siku hizi kuna mashine za mwanga, na nakiri zinatushinda. Nenda kwenye mashine.

Hayo yote niliyafanya kwenye gari langu. Nilikwenda Mbweni kwa rafiki yangu mwenye uwanja mpana, nikaweka jeki, nikafanya kazi peke yangu siku mbili. Bushi mpya, shokapu za mbele na za nyuma, stebilaiza ya yule ndugu mzito. Upepo nikauongeza kidogo ili tairi lisinyong'onyee kwenye kona. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nistaafu. Jioni nilizunguka njia za Mbweni peke yangu, gari limesimama wima kwenye kila kona, na nikamwona Bi Rukia, katika fikra zangu, akiteremka Paje na viatu vyake mkononi.

Tukaenda. Tulipopita njia ya kuingia chuoni pale Tunguu, akaniambia nisimamishe. Aliegemea mlango muda mrefu, shungi limeanguka mabegani.

"Halilali tena," alisema, kwa sababu ni mtu wa haki. "Lakini linan'tikisa ubongo. Bora lile lililokuwa likilala."

Tukageuka.

Kesho yake nikaliingiza kwenye shimo la zamani pale Saateni, aliyelirithi alinikaribisha. Nikamulika taa, na palepale nikajua. Raba zote zilikuwa zimejisokota. Nilikuwa nimezikaza miguu ikining'inia! Mimi, niliyewanunia watu siku nzima kwa kosa hilo. Pale Mbweni nilikuwa peke yangu, hakukuwa na wa kunikalia, na nilikuwa na haraka, na ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimejaa nafsi yangu. Upepo nao ulikuwa mwingi mno. Nilikaa juu ya ndoo ndani ya lile shimo na nikaona haya kweli kweli.

Nikalegeza kila nati. Sasa nilihitaji uzito, tena uzito wa safari ile ile, dereva mmoja na Bi Rukia kando yake. Nikamwomba aje. Yeye gari lililosimama tu humtia wasiwasi, lakini alikuja. Mahali pa dereva, kwa kuwa dereva nilikuwa chini, niliweka gunia la mchele lenye karibu uzito wangu, nikalifunga mkanda lisianguke.

"Bi Rukia, umekaa?"

"Nimekaa. Na huyu mwenzangu kakaa."

Nikaanza kukaza. Ni kazi ya polepole, mwanga mdogo, na sauti ya mtu aliye juu yako inakuja kupitia bati la sakafu kama inatoka chumba cha pili. Nilidhani amesinzia.

"Baba Saada," aliniita, kwa jina la binti yetu.

"Naam."

"Huyu dereva nampenda. Hatikisi usukani."

Nikacheka. "Kwani mie natikisa?"

"Tangu siku uliyonichukua kwetu," alisema. Hakuwa akicheka. "Kila kona. Unaingia, unautikisa kidogo, tiki, kisha unagusa breki humo humo ndani ya kona, halafu unainamisha sikio. Hunipeleki safari, mume wangu. Unalisikiliza gari. Na mie nimo ndani yake."

Spana ilikuwa mkononi na nati sikuikaza. Nilianza kuipita kichwani kila kona niliyowahi kumpitisha, tangu alipokuwa msichana wa kanga mpya mpaka leo, na katika kila moja niliuona mkono wangu ukifanya vile. Ndivyo fundi wa miguu anavyolijaribu gari. Unaubughudhi usukani, unagusa breki, uzito unahama, na kama kuna bushi iliyolegea itasema. Sikuwahi kujua kwamba sikuwa na namna nyingine ya kuendesha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Wewe ndiye fundi."

Kisha akaendelea, labda kwa sababu hakuuona uso wangu. Alinieleza jinsi Bi Mize alivyokuwa akimbeba mgongoni kwenda ufukweni kufukua makumbi ya nazi yaliyofukiwa mchangani, kuyaponda wapate usumba wa kusokotea kamba, na kamba ndiyo iliyomsomesha. Alisema siku ya mazishi, pale Tunguu juu ya majani, alimsikia dada yake akimwita jina. Alijua ni kizunguzungu tu, lakini alimsikia. "Naogopa atakufa na kinyongo changu," alisema. "Au nitakufa mie." Nikalia chini ya gari, wanangu. Mchanga uliniangukia machoni, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Nati nilizikaza zote. Upepo nikaupunguza mpaka pale panapotakiwa. Lakini kazi iliyobaki ilikuwa mimi.

Nilijifundisha kuendesha gari nikiwa na umri wa wajukuu kuniita babu. Nilitembea na lile gunia la mchele kwenye kiti cha abiria, njia za Mbweni na Chukwani, siku baada ya siku. Shikeni hili, halina gharama yoyote na linashinda springi zote za kuagiza. Kasi ipunguze kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka. Breki uiachie taratibu, mguu uondoke kama unavyotoka chumbani alimolala mtoto. Usukani uuzungushe mara moja, uushike hapo, kisha uurudishe kwa utulivu ule ule. Macho yatangulie mbele, mwisho wa kona, mikono itayafuata. Ukifanya hivyo, gari la kawaida litapita kona mahali ambapo gari la mashindano la mwenye pupa litapiga kelele. Mwanzoni nilikuwa nafunga vioo nisisikie chochote. Mikono iliniwasha.

Tukatoka asubuhi ya Jumanne. Bi Rukia mbele, macho wazi, anatazama mbali. Mwanakwerekwe ikapita na msongamano wake. Tunguu ikaja. Sikumtazama. Tunguu ikapita, nikaiona kwenye kioo ikirudi nyuma na chuo chake na maduka yake. Kisha kivuli cha msitu wa Jozani kikaanza kutupitia usoni, mwanga, kivuli, mwanga, barabara inajipinda kushoto na kulia ndani ya miti, na gari linaifuata bila kubisha. Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa sihisi tairi, sihisi springi, nilikuwa nahisi tu kwamba tunakwenda, na nikafikiri kumbe hivi ndivyo wengine wanavyosafiri.

Baada ya Kitogani nikasikia tok. Mbele, kushoto. Kidogo sana. Kona ilikuwa mbele yetu, na kila kidole changu kilitaka kuutikisa usukani mara moja tu nijue ni nini. Nilikaa na hamu ile kama mtu aliyefunga anavyokaa na harufu ya chakula cha jirani. Nikaingia kona, nikashika, nikatoka.

"Nimesikia," alisema Bi Rukia.

"Umesikia nini?"

"Kimegonga. Na wewe umekiacha."

Bi Mize alikuwa amekaa juu ya mkeka ukumbini kwake, anasokota usumba, miguu ameinyoosha. Nyuma ya nyumba mwani ulikuwa umeanikwa, na juu ya bahari yalielea yale matiara makubwa yanayowavuta wageni majini, mekundu na ya manjano, hayana sauti. Bi Rukia hakubisha hodi, maana ingesikiwa na nani? Alivua viatu, akaenda akapiga magoti, akaishika ile mikono miwili na kuibusu, na akaanza kuomba radhi. Alisema yote. Alisema siku ya mazishi, na majani ya Tunguu, na miaka mitatu. Machozi yanamtoka na anaendelea kusema, na dada yake haondoi macho usoni mwake.

Kisha Bi Mize akasema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Mbona hujatapika?"

Bi Rukia akaketi juu ya visigino.

"Nlijua huwezi kuja," alisema Bi Mize. "Siku ile ya msiba waliponambia Rukia hakuja, n'kawaambia Rukia kashindwa njiani. Toka mdogo, hata punda ukipanda ukitapika. Nani alokuwa akikuosha?" Akamfuta uso kwa ncha ya kanga yake, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto. "Kakwambia nani kuwa nimekasirika?"

Bi Rukia aliweka kichwa mapajani mwa dada yake na akalia kilio ambacho katika miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kukisikia. Mimi nikatoka nje. Miaka mitatu alikuwa amebeba hatia ambayo hakuna aliyemtwisha, na gari langu ndilo lililokuwa limesimama katikati.

Alasiri nikaja kumwambia tuondoke, jua lisije likatuchwea. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, wanasokota kamba moja, huyu anashika mwanzo huyu mwisho. Bi Rukia hakuinuka.

"Nenda zako, Baba Saada. Mie nalala hapa. Ijumaa uje unichukue, na Ijumaa nyengine utanileta tena." Alisema hivyo kwa wepesi, kama njia ya Paje ni ya kwendea dukani. "Na hicho kinachogonga ukitengeneze kwanza."

Niliondoka peke yangu. Nilipofika kona ya kwanza baada ya kijiji, hakuna mtu mbele wala nyuma, niliutikisa usukani mara moja na kuinamisha sikio. Kilikuwa kiungo cha stebilaiza, mguu wa kushoto. Nilikibadilisha Alhamisi.